Mota Tano za Mbele

Viatu vya Msimamizi Prentiss Vandergriff vilikuwa vinang'aa kuliko akili yake, na Orrin Tackett aliliona hilo kabla hata hajavuta kiti. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya Hatcher's Gap, na madirisha yake yalifungwa mwaka mzima ili vumbi la makaa lisiingie. Mtu amepewa kusimamia reli ya kubeba makaa ya mawe, halafu anaogopa vumbi. Tackett alikuwa mpelelezi wa Reli ya Greenlick kwa miaka kumi na sita na alikwisha kuwazoea watu wa sampuli hiyo.

"Kesi imekwisha, Tackett," Vandergriff alisema. "Nimekuita kwa sababu kanuni zinataka saini yako. Soma, weka saini, nenda zako kapate chakula cha mchana."

"Saa nne hii?"

"Basi kanywe kahawa."

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Juzi Jumanne garimoshi jipya la kampuni, namba 900, lilitolewa kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Lilichoma makaa na kuchemsha maji kama magarimoshi mengine yote ya milima ile, ila mvuke wake haukusukuma magurudumu. Mvuke ulizungusha mapanga ya tabini, tabini ikazungusha jenereta, na jenereta ikapeleka umeme kwenye mota nane zilizofungwa chini, moja kwa kila ekseli. Wakubwa walipanda mabehewa matatu ya nyuma pamoja na waandishi wa magazeti, wakila kuku wa baridi na kusifiana. Ndani ya handaki la Sorrel mota zikaanza kulipuka moto, moja baada ya nyingine, na garimoshi likasimama humo humo gizani. Wakubwa walikohoa tu. Mtia makaa, Hobart Lykins, mwanamume wa miaka ishirini na tisa, alikufa kwa moshi uliopanda kupitia sakafu ya chumba cha dereva.

Kabla jua halijazama sherifu alikuwa amemtia ndani fundi umeme aliyeitwa Verlin Sizemore. Leo saa kumi jioni angepelekwa makao ya kaunti kushtakiwa kwa mauaji ya kukusudia, na Virginia Magharibi mwaka ule wa 1948 ilikuwa bado inanyonga watu. Kilichobaki ni saini ya Tackett.

Aliuliza ushahidi uko wapi. Vandergriff akasema Sizemore ndiye aliyezigusa mota mara ya mwisho, Jumatatu alasiri. Tena alikuwa mtu wa kununa, mtu wa kulalamika, mtu wa chama cha wafanyakazi. Kisha akasukuma karatasi moja mezani kwa ncha ya kidole, kana kwamba inanuka. Ilikuwa barua ya Sizemore kwake, imepigwa chapa, ya wiki mbili nyuma. *Namba 900 ikitoka kama ilivyo sasa, itafia handakini, na itaondoka na mtu.*

"Kitisho kwa maandishi," Vandergriff alisema. "Unataka nini zaidi?"

Tackett aliisoma mara mbili. Sentensi ya mwisho ilikatikia katikati, pale karatasi ilipoishia.

"Ukurasa wa pili uko wapi?"

"Hauna maana."

"Sijauliza maana yake. Nimeuliza uko wapi."

Msimamizi alitazama dirisha lake lililofungwa, akasema hakumbuki. Tackett akauliza nani amemhoji dereva. Vandergriff akashtuka kweli kweli. Mzee Asa Thornbury ahojiwe? Mzee aliyerudi ndani ya moshi kwa miguu yake na kumtoa Hobart mgongoni, na Hobart mwenyewe ni mume wa binti yake? Huyo alikuwa shujaa wa kampuni. Picha yake ilikuwa imetoka magazetini.

"Kwa hiyo hakuna aliyemhoji," Tackett alisema, akachukua kofia yake. Saini hakuweka.

Namba 900 ilikuwa imelazwa njia ya tatu ya karakana, ndefu kuliko kanisa la mji, rangi yake ya machungwa imebabuka ubavuni. Mafundi wa injini za mvuke walikuwa wameizunguka mikono mifukoni. Mmoja wao alikuwa ameandika kwa chaki, JIKO LA UMEME, na wengine waliona huo ndio ucheshi wa mwaka. Mwenzao amekufa humo, maiti haijazikwa, nao wanaicheka mashine. Tangu ilipofika walikuwa wakiwaita mafundi wa umeme "watu wa balbu" na kuwaficha vifaa vyao. Tackett aliwapita bila salamu.

Chini ya mashine, ndani ya shimo la ukaguzi, alikuwa Ione Kessler na taa yake. Wakati wa vita, wanaume walipokwenda, karakana ilijaa wanawake. Vita vilipokwisha waliwarudisha wote nyumbani isipokuwa Ione, si kwa hisani, bali kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kusoma michoro ya jenereta. Mpaka leo nusu ya wanaume pale hawakumwita kwa jina.

"Umekuja kuuliza au umekuja kumaliza?" alimuuliza Tackett.

"Kuuliza. Nimeambiwa wewe ndiye unayeijua mashine hii kuliko wote."

"Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Bwana Tackett. Vua koti ushuke. Huku hakuna kiti."

Alishuka. Walianza mbele, chini ya chumba cha dereva, wakaenda nyuma kwa magoti, mota moja baada ya nyingine. Kila mota ilikuwa na mlango mdogo wa chuma ubavuni, na kila mlango ulikuwa na komeo la mkono. Ya kwanza ilikuwa imeungua. Ya pili imeungua. Ya tatu, iliyokuwa chini kabisa ya kiti cha mtia makaa, ilikuwa imeyeyuka vibaya kuliko zote. Ya nne na ya tano hivyo hivyo. Ya sita ilikuwa safi. Ya saba na ya nane pia.

Tackett alifikiria maji kwanza. Karakana ile ilikuwa na desturi ya zamani: hakuna injini inayotoka bila kuogeshwa kwa mpira wa maji ya moto, maana injini chafu ni aibu ya mji. Akaagiza aitwe mkuu wa waoshaji. Jamaa alikuja kifua mbele, akaapa kwamba ameosha kila injini iliyotoka Hatcher's Gap tangu mwaka wa 1919, ila hii moja hakuigusa. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri, na Vandergriff mwenyewe alisimama hapo kuilinda isimwagiwe. Ione hakuridhika na maneno. Alichukua kipimo chake cha kuzungusha kwa mkono, akakiunga kwenye mota tatu za nyuma, moja moja, akazungusha. Kila mara mshale ulipanda mpaka mwisho.

"Kavu," alisema. "Na maji hayachagui. Yangeingia, yangelowesha zote nane."

"Mtu anayetaka kuharibu je, angechagua?"

"Angeharibu moja tu, inatosha. Au angeacha mota kabisa akaenda kwenye jenereta. Hapa kuna mtu alianza mbele akaenda nyuma, akaishia ya tano."

Kisha alifungua mlango wa mota ya pili na kumulika ndani. Kulikuwa na pete pana ya shaba, na brashi za kaboni zilizoigusa pande zote. Shaba ilikuwa imefunikwa ujiuji mweusi. Ione alikwangua kwa kisu na kuupaka kwenye kiganja cha Tackett.

"Nusa."

Tackett alinusa. Ilikuwa harufu ya jiko la bibi yake siku za kukaanga.

"Shahamu ya ng'ombe," alisema.

"Mafuta ya silinda. Mazito, yana shahamu ndani ili mvuke usiyakimbize. Kila dereva wa injini za zamani anayo kwenye kopo lake. Sasa tazama huku chini, Bwana Tackett. Mashine hii haina silinda. Haina pistoni hata moja. Mafuta ya silinda yamefuata nini tumboni mwake?"

Alimweleza kwa maneno machache. Umeme huingia kwenye mota kupitia zile brashi, na pete ya shaba inatakiwa iwe kavu, kavu kabisa. Ukiitia mafuta, vumbi la makaa linanata, umeme unapata njia ya mkato, cheche inazunguka pete nzima, na hapo una moto. Mlimani, kwenye handaki, mota zikivuta kwa nguvu zote, haichukui muda mrefu.

"Na Sizemore?"

Ione alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Verlin alikuwa fundi umeme kwenye meli za vita. Angetaka kuiua hii, angeiua kwa bisibisi moja, asubuhi, bila kuchafua shati. Kumsingizia mafuta ni kama kusema seremala amevunja kiti kwa kukitafuna. Umeiona barua yake?"

"Ukurasa mmoja."

"Naam, wangekuonyesha mmoja." Alipanda kutoka shimoni, akafungua sanduku lake la vifaa na kutoa nakala ya kaboni. Yeye ndiye aliyeipiga chapa, kwa kuwa mwandiko wa Verlin hausomeki. Ukurasa wa pili uliomba mambo mawili. Kwanza, kila mlango wa mota utiwe kufuli na uandikwe kwa rangi nyekundu kwamba ndani hakuingii mafuta. Pili, madereva wakalishwe siku moja wafundishwe. Chini yake kulikuwa na jibu la Vandergriff kwa penseli: kufuli zitaharibu sura ya mashine kwenye picha, na madereva wa Greenlick hawafundishwi kazi na watu wa balbu.

Tackett aliikunja nakala ile na kuitia mfukoni. Akatema mate shimoni. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende, ila hapa aliyeudharau mwiba alikuwa ghorofani na viatu vyake, na tende imemwota mwingine.

Akafanya jambo ambalo wale mafundi wenye mikono mifukoni walilicheka. Alitoa saa yake, akasimama penye ngazi ya chumba cha dereva na kuanza kutembea. Alifungua mlango wa kwanza, akahesabu kana kwamba anamimina kitu, akafunga, akaenda wa pili. Alipoufunga wa tano zilikuwa zimepita dakika saba kasoro kidogo.

"Kabla ya handaki walisimama wapi?" alimuuliza Ione.

"Kituo cha Thurl, kwa ajili ya picha. Ilikuwa iwe dakika kumi. Mmoja wa wakubwa akaona baridi, wakaondoka baada ya saba."

"Na nani alishuka Thurl akiwa na kopo la mafuta ya silinda?"

Ione alifuta kisu chake kwa kitambaa, taratibu, pande zote mbili. "Ukilitaja jina hilo mji huu utakupiga mawe. Nami sikuwepo Thurl. Una ushahidi?"

"Nina harufu."

"Harufu haiendi mahakamani."

Nyumba ya Asa Thornbury ilikuwa kilimani, imepakwa chokaa nyeupe, na ilikuwa saa sita na nusu Tackett alipobisha hodi. Binti yake Ardith alifungua. Alikuwa amevaa nyeusi, uso umevimba kwa kulia, na alimpokea kofia. Alimpitisha hadi jikoni alikokuwa ameketi baba yake, akammiminia kahawa, akakata mkate wa mahindi, kisha akaingia chumba cha pili. Mlango hakuufunga.

Mzee Asa alikuwa amefungwa bendeji mikono yote miwili hadi kwenye vifundo. Alisema maumivu si kitu. Alimsifu Hobart, akamlaani Sizemore, akauliza kama siku ya kunyongwa watu wa reli watapewa ruhusa ya kwenda kutazama. Tackett alimwacha aseme. Alikuwa na njia moja tu, nayo ilikuwa chafu, na hakuona haya kuitumia.

"Kule karakana kuna maneno, Mzee," alisema. "Ya kijinga tu. Sikutaka hata kukuletea."

"Maneno gani?"

"Watu wa balbu. Wanasema umezeeka. Eti pale Thurl ulikaa kwenye kiti unapigwa picha, mashine ikaondoka haijatiwa hata tone la mafuta. Eti ndiyo sababu ikaungua."

Uso wa mzee ulibadilika rangi. "Wamesema mimi? Mimi Asa Thornbury?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Miaka arobaini na moja sijasimama kituoni nikakaa. Hata siku moja. Mvua ya mawe nashuka, theluji ya kiunoni nashuka na kopo langu. Hawa watoto waliojifunza kazi kwa kubadili balbu za chooni ndio waniambie mimi habari za mafuta?"

"Ila mashine yenyewe, Mzee, nimeambiwa haina pa kutia mafuta."

"Umeambiwa na nani? Ina milango minane, kila mmoja na komeo lake. Kitu chenye mfuniko na komeo kinataka mafuta, hata mpumbavu anajua. Nilifungua wa kwanza pale Thurl nikakuta pamekauka kau! Shaba inasagana na makaa, tone hakuna. Nikasema, waone hawa, mashine mpya watu wanaiachia kiu namna hii. Nikailowesha vizuri. Nikaenda ya pili, ya tatu, mpaka ya tano. Nimeshika komeo la sita kengele ikalia. Tena andika hivyo, uende ukawasomee."

Tackett alikuwa anaandika. Aliandika hadi neno la mwisho, akaongeza tarehe na saa, akageuza karatasi na kuisogeza mbele ya mzee pamoja na kalamu. Kisha akamweleza pete ya shaba ni nini, na kwa nini inaachwa kavu. Alitumia maneno machache aliyopewa na Ione, hakuongeza na hakupunguza.

Mzee Asa alimsikiliza hadi mwisho bila kupepesa macho.

"Hayo umeyatoa kwa yule mwanamke," alisema.

"Nimeyatoa kwenye mota tano zilizoungua, Mzee, na tatu zilizobaki. Ulizotia na ambazo hukutia."

"Mafuta hayajapata kuua mashine tangu dunia iumbwe."

"Mashine sijui. Saa kumi Verlin Sizemore anapelekwa kaunti."

"Na apelekwe." Aliisukuma karatasi kwa kiwiko. "Sitii saini. Kama kuna mtu wa kuchukua aibu hii, achukue yeye, si walituletea wao jiko lao? Mimi nina jina katika reli hii. Yeye ana nini? Utasema nimesema, nitasema sikusema. Neno lako na neno langu, nasi tutaona Hatcher's Gap itamwamini nani."

Hapo alisema kweli. Tackett alimtazama mzee yule, shujaa wa magazeti, na dharau yote aliyokuwa nayo kwa msimamizi wa ghorofani ikaongezeka maradufu na kuhamia jikoni. Alimwambia wazi kwamba maelezo yasiyo na saini hayamzuii sherifu, ila yakitiwa saini na mtu wa pili aliyesikia kwa masikio yake, yatamzuia. Mzee akacheka, akauliza huyo mtu wa pili atamtoa wapi.

Ardith alikuwa amesimama mlangoni.

"Bwana Tackett," alisema. "Hobart alikuwa amekaa juu ya mota ya ngapi?"

"Ya tatu, mama."

Akamgeukia baba yake. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chumvi. "Ya tatu nayo uliitia, Baba?"

Mzee Asa alitazama bendeji zake.

"Ile niliitia mara mbili," alisema. "Hobart alikuwa analalamika inampigia kelele chini ya kiti. Nilitaka asafiri vizuri."

Ardith alifuta meza kwa aproni yake pale kahawa ilipokuwa imemwagika, akaivuta karatasi, akachukua kalamu.

"Nionyeshe pa kuandika."

"Ardith," mzee alisema. "Mimi ni baba yako."

"Najua, Baba. Na mimi ni mjane wa Hobart."

Tackett alimwonyesha. Aliandika kwa mkono mzito wa mtu asiyezoea kalamu: kwamba yeye, Ardith Lykins, amesikia haya yote jikoni kwao, kwa kinywa cha baba yake mzazi, pamoja na hayo ya mara mbili. Akaweka jina, akapuliza wino. Kisha akavua aproni, akaitundika, akachukua koti lake.

"Hiyo karatasi nitaishika mwenyewe mpaka kwa sherifu," alimwambia Tackett. "Yule Verlin nilimtemea mate usoni siku ya Jumanne, pale stesheni, watu wote wanatazama, na wakanipigia makofi. Nataka wanitazame tena."

Siku nzima Tackett hakuwa amemvulia mtu kofia kwa heshima. Sasa aliichukua mkononi, na hakuivaa mpaka Ardith alipotangulia kutoka, naye akamfuata nyuma kuteremka kilima.